Kisu cha Kukatia Boga

Mjukuu wangu Kalista,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Kahawa tumemaliza kuchuma, na baba yako mdogo bado anaendesha lori la makaa ya mawe kule Ngaka. Mgongo unauma, ila tumeshazoeana.

Umeniuliza naionaje hiyo sheria mnayobishania chuoni, ya kukataza visu na mapanga hadharani. Huku Mkumbi ukikataza panga barabarani, umekataza watu kwenda shamba. Lakini nakumbuka jambo moja.

Nilikuwa nimeolewa karibuni. Babu yako na kaka yake waligombania mpaka wa shamba, mama yao akaita kikao. Desturi yetu, ukifika kwa mtu unachomeka panga lako kwenye mgomba wa nje, ndipo unaingia. Wengine wote walichomeka. Shemeji, huyo kaka wa babu yako, alikuja mikono mitupu, amevaa koti, na jua linawaka.

Mama mkwe alimtazama, akamwekea mbele boga zima la kuchemsha.

"Mwanangu, tukatie. Kisu changu sikioni."

Kisu chake nilikuwa nimekishika mimi. Nikakifunika kwa kanga.

Shemeji akaingiza mkono kotini, akatoa kisu, akakata. Kipande cha kwanza alimpa babu yako.

Sheria iandikeni. Itamwona mwenye panga begani, ambaye sisi humwamkia tu. Kumwona mwenye koti juani kunataka mtu anayemjua.

Kisu kile hakikurudi kotini. Mama mkwe alikiomba akioshe, na mpaka leo ndicho ninachomenyea viazi.

Bibi yako