Mashine Mbili na Mchezo wa Kwanza

Liuli,
Wilaya ya Mbinga,
Mkoa wa Ruvuma.
21 Septemba, 1980

Mpendwa mdogo wangu Cuthbert,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye baridi. Mimi dada yako Winifrida ni mzima, na mkono huu unaoandika ndio ule ule uliokuwa ukikufinya kanisani ulipoanza kusinzia. Wewe je, hujambo? Kile kikohozi kimekwisha? Na unakula nini siku hizi, au umeshazoea viazi asubuhi na jioni? Baba hajambo, ila goti lake la kulia linamsumbua kila upepo wa ziwani unapokaza. Wanangu ni wazima, wanakuamkia shikamoo mjomba.

Huku tunaendelea. Mihogo ya shamba la kijiji imekubali, na usipa, dagaa wetu wa ziwani, umekuwa mwingi mwezi huu mpaka tunaanika juu ya mawe ya watu wengine. Sabuni dukani hakuna, sukari tunaisikia redioni tu. Tunafulia majani ya mpapai, na usinicheke, nguo zinatakata.

Barua yako na mzigo wako vimefika salama. Yule Sista uliyemkabidhi alivileta mwenyewe alipotoka likizo huko, na Baba akamkaangia jogoo kwa shukrani, yule mwekundu aliyekuwa akitunyima usingizi. Barua nimeisoma mara nyingi, kwanza kwa sauti mbele ya Baba, kisha peke yangu jikoni.

Umeniuliza swali nami sitalikwepa. Unasema wakubwa wa kiwanda chenu wamekupa kazi ya kuzifungua mashine mbili za michezo ya televisheni, ya kwenu na ya wapinzani wenu, uzilinganishe nguvu zake na gharama za kuzitengeneza, kisha useme mwakani kiwanda kifuate njia ipi. Neno lako likiwapendeza, watakupa mkataba mrefu, utawaongoza mafundi, na hutarudi nyumbani karibuni. Hilo la mwisho umeliandika kwa herufi ndogo, chini kabisa, limebanana na salamu za Baba. Mimi ni mwalimu, Cuthbert. Nasoma mpaka chini.

Ukatutumia na mashine zenyewe, zote mbili, ili tuzione kwa macho na kukushauri. Asante sana. Ila mdogo wangu, televisheni ya kuzichezea ulidhani tutaipata wapi? Umekaa huko mpaka umesahau kwamba kwetu hata taa ya kandili tunaizima mapema kuokoa mafuta? Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Bahati yako yupo Bwana Samaki. Humjui, alikuja baada ya wewe kuondoka. Ni mtu wa Tanga, ameletwa na serikali kusimamia uvuvi, na mkewe anaitwa Mwanabibi. Kule kwao pwani walikuwa na televisheni ndogo ya betri ya gari, wakinasa picha kutoka Unguja. Alipohamishiwa huku akaibeba kwa lori, kwa treni na kwa lori tena, akiamini kwamba picha ni kama sauti ya redio, itamfuata popote. Tangu afike haijaonyesha kitu ila chengachenga. Mwanabibi ameifunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na wageni huonyeshwa kwa heshima zote. Niliposema nina kitu cha kuchomeka humo, yule baba nusura anikumbatie.

Basi Jumapili baada ya ibada tukaenda, mimi na Baba na yule Tarsisi fundi redio, uliyesoma naye. Tarsisi akaunga nyaya zake, akapunguza umeme wa betri kwa namna anayoijua yeye, na mashine yenu, ile kubwa, ikawaka. Mchezo ulikuwa ule wa mpira: kijiti huku, kijiti kule, na kidoa cheupe kinakwenda na kurudi. Nilishangaa kwa kweli. Nilikuwa naona kitu ulichokishika wewe kwa mikono yako.

Baba akapewa kishikio. Akavua kofia, akaisalimu televisheni, akaketi. Sasa unaikumbuka desturi ya baraza letu kwenye bao. Mgeni akija, mwenye bao humwachia mchezo wa kwanza, ndiyo karibu yake. Wa pili mgeni huurudisha, kushukuru. Wa tatu ndipo wanapochezana kweli. Baba akahesabu kwamba mgeni ni hiyo mashine, maana imetoka mbali. Akaiachia mchezo wa kwanza wote, ametulia, hausogezi mkono. Tarsisi anamwambia, zungusha mzee, zungusha, na Baba anamwashiria anyamaze.

Mchezo wa pili ukaanza. Baba akangoja arudishiwe. Mashine ikamfunga. Wa tatu akacheza kwa nguvu zake zote, ikamfunga tena, na ule wa baada yake pia, bila kupumzika na bila kumtazama usoni. Akaweka kishikio chini. Akamwuliza Tarsisi aliyemo mle ndani ni mtu wa wapi. Tarsisi akajibu kwamba hamna mtu, mzee, ni nyaya tu.

"Basi nyaya hizo hazikulelewa," akasema Baba, akavaa kofia yake.

Nilimwonea huruma. Hakukasirika, alifedheheka, kama mtu aliyetoa mkono usipokewe.

Tukaichomoa hiyo, tukachomeka ile ndogo ya wapinzani wenu. Hii, kama ulivyoeleza, haina nguvu ya kucheza peke yake. Ina vishikio viwili, na mtu asipokuwepo upande wa pili, kijiti cha upande huo kinasimama tu. Kwa hiyo Mwanabibi akaitwa kutoka jikoni, akafuta mikono, akaketi karibu na Baba. Mpira ukaanza kwenda.

Sasa sikiliza. Baba akamwachia Mwanabibi, kwa kuwa yeye ni mgeni wa nchi hii. Mwanabibi naye akamwachia Baba, kwa kuwa ni mzee na ni mgeni nyumbani mwao. Mpira ukapita kwa huyu, ukapita kwa yule, ukapita tena, wote wawili wameshika vishikio kama walioshika yai. Karibu mzee. Hapana mwanangu, tangulia wewe. Bwana Samaki akasema chezeni basi, betri yangu inakwisha. Ndipo Mwanabibi akaangua kicheko, na Baba akacheka mpaka akashika goti. Baadaye walichezana kweli, na yule mama alimfunga bila huruma. Baba hakuona vibaya hata kidogo.

Tulirudi kwa miguu kando ya ziwa, na mimi njia nzima nilikuwa nawaza barua yako. Habari za gharama nimezielewa, maana najua ulidhani nitaziruka. Mashine yenu ni ghali kuitengeneza kwa sababu ya kile kidude cheusi chenye miguu mingi, ulichokiita ubongo, ambacho mnakinunua ng'ambo, na tena inahitaji kingine cha kukumbukia. Plastiki, nyaya, boksi na mishahara ya watu vinakaribiana kwa mashine zote mbili. Tena mnaiuza chini ya gharama zenu, mkitegemea faida ya kaseti za michezo. Hapo nilikumbuka yule mfanyabiashara aliyewauzia watu taa kwa bei ya bure, akijua mafuta watayafuata kwake tu. Ile ndogo ina ubongo unaojua jambo moja, basi, kwa hiyo ni rahisi kuitengeneza, na wenzenu wanapata faida kidogo tangu siku ya kwanza.

Lakini uliandika kwamba kasoro kubwa ya ile ndogo ni kutoweza kucheza na mtu aliye peke yake. Hapo ndipo ninapobishana nawe, kama zamani. Ninavyoona mimi, ninyi mmetumia ujuzi wote huo na gharama yote hiyo kumtengeneza mtu wa upande wa pili. Wenzenu hawakumtengeneza. Wamemwacha jirani aitwe, na jirani halipwi na kiwanda. Sasa unapolinganisha, useme hivyo kwa wakubwa wako: hii ni ghali kwa sababu ina mtu ndani, hii ni rahisi kwa sababu mtu wake anatoka jikoni akifuta mikono.

Sisemi ya kwenu ni mbaya. Nimefikiria mtoto aliyelazwa wodini, mama yake ameenda kutafuta kuni, hana wa kucheza naye. Huyo angeishukuru sana mashine yenu. Nimefikiria pia hao watu wa huko, unaosema jirani anaweza kufa wiki nzima pasipo mtu kujua. Pengine wao wataichagua yenye nguvu, na kiwanda chenu kitashinda, na wewe utaonekana hodari, jambo ambalo mimi nalijua tangu ulipoifungua saa ya Padri na kuifunga tena. Ukiniuliza ipi itanunuliwa, nasema ya kwenu. Ukiniuliza ipi nzuri, nimeshakueleza tulivyocheka.

Sasa nikupe habari nyingine, ambayo Baba hakutaka nikuandikie ulipokuwa na mitihani. Mzee Osward, jirani yetu, mwenzake wa bao, alifariki wakati wa masika. Alilala jioni akiwa mzima, asubuhi hakuamka. Tulimzika vizuri, kijiji kizima kiliacha kazi.

Tangu hapo Baba hana wa kucheza naye. Wazee waliobaki hawaoni vizuri, na vijana wanataka karata. Mimi nikikaa naye ananishinda haraka mno, anachoka na mimi. Kwa hiyo anacheza peke yake. Anacheza kete za upande wake, kisha ananyanyuka, anazunguka bao kwa goti lile bovu, anakaa mahali pa Mzee Osward, anafikiri kama angefikiri yeye, anacheza, ananyanyuka tena. Namsikia barazani akiguna kila anapoinuka. Naye ametengeneza mtu wake wa upande wa pili, Cuthbert, na gharama yake naiona mimi ninayemkanda kwa maji ya moto.

Inaniuma. Naandika wazi kwa sababu wewe na mimi hatujawahi kufichana.

Siku ile tuliporudi kutoka kwa Bwana Samaki nilimwuliza Baba nikujibu nini juu ya mkataba. Alinikataza kabisa kukuambia uje. Alisema mtoto wa kiume akipata kazi ya maana haitwi kama mbuzi, na kwamba fedha unazotuma ndizo zilizoezeka bati nyumba hii, ambayo ni kweli. Basi sikwambii uje. Natii.

Ila jana jioni alilifuta bao vumbi, akalipaka mafuta, akapanga kete pande zote mbili. Akakaa upande wake na hakuzunguka. Nikamwuliza kulikoni, mbona huchezi. Akasema bao limepangwa la Cuthbert, nikuandikie hivyo tu, na mtu asiliguse. Wanangu wamekatazwa hata kulisogelea. Mpaka sasa ninapoandika liko pale barazani, nimelifunika kwa ungo kwa ajili ya kuku.

Halafu akaongeza, "Mwambie asihofu kwamba amesahau. Mchezo wa kwanza nitamwachia."

Nilikuwa nimeshashika kalamu, nikaiweka chini. Nikamwambia, Baba, huyo si mgeni, ni mwanao.

"Tutajua atakapofika," akasema. "Tutasikia kama atapiga hodi."

Basi, mdogo wangu, mashine zako zote mbili zimo sandukuni, zimefungwa kwenye kanga yangu zisiingie mchanga. Ile ndogo Mwanabibi ameiomba kila Jumapili, nami nimekubali, nadhani hutakataa. Andika maoni yako kwa wakubwa kwa haki, usiipunje mashine yoyote. Juu ya mkataba, fikiri mwenyewe, una akili na umelelewa.

Dada yetu Ottilia anakusalimu sana kutoka Mapera alikoolewa. Kahawa yao imekuwa nzuri, na anasema amekuwekea ya kukaanga nyumbani. Tarsisi anakusalimu na anauliza kama unaweza kumtumia risasi ya kuchomelea nyaya. Bwana Samaki na Mwanabibi wanakusalimu ingawa hamjaonana. Mjane wa Mzee Osward anasema asante kwa lile koti ulilomtumia mumewe, alizikwa nalo. Baba anakusalimu, na mkono wake hauandiki siku hizi, kwa hiyo nimemshikisha kalamu akaweka alama hapo pembeni.

Mungu akulinde barabarani na kazini, akuepushe na kifua kibaya na upweke, na akuonyeshe njia iliyo yako.

Na siku utakayokuja, iwe mwakani au baada ya mashine nyingine kumi, pita moja kwa moja mpaka barazani, ukae upande ule ulio wazi. Usipige hodi.

Ni mimi dada yako akupendaye siku zote,

Winifrida Nathanieli