Kioo cha Dirisha la Mama

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na karakana? Mimi mzima, ila usingizi haba.

Kile kipande cha kioo kimefika salama. Uliuliza tunakifanyia nini. Tunapiga leza kwenye bati jembamba mno. Bati linatema chembe ziitwazo ioni, nazo zinagonga kioo. Kioo kinaingia giza, kisha kinang'aa tena kabla hujapepesa jicho. Kazi yetu ni kujua kinaponaje.

Vioo vipya vinapona upesi. Hiki chako kinachelewa, na giza lake ni duara dogo linalofifia kuanzia pembeni. Bosi hajawahi kuona kitu kama hicho. Umekitoa wapi?

Tukimaliza nakuja nyumbani. Safari hii sidanganyi.

Mwanao, Kichwa Ngumu

15 Machi

Kichwa Ngumu wangu,

Marahaba. Goti linalalamika, nami nalipuuza. Hiyo "nakuja" naisikia tangu tumzike mama yako, lakini haya, tuamini.

Uliomba kioo cha zamani, na karakanani nina vipya tu. Nikakata kona ya dirisha la chumbani, pale alipokuwa akisimama kukuangalia kama unarudi. Usinune, nimeziba kwa ubao. Unakumbuka alivyokihemea mpaka kikaingia ukungu, halafu akakipangusa kwa kiganja?

Sasa niambie, hiyo leza mnaipiga saa ngapi? Maana kila asubuhi kioo kilichobaki kinaingia ukungu, duara, usawa wa mdomo wake. Nimepangusa kwa nje, hautoki. Uko upande wa ndani, na ndani niko peke yangu. Naogopa, sikufichi.

Baba yako

24 Machi

Baba,

Shikamoo. Tunapiga asubuhi. Nimekitoa kioo kwenye mtambo. Wenzangu wamenicheka, na wacheke. Tafadhali hamia chumba cha mbele mpaka nije. Kazi imebaki kidogo tu.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti halina neno. Ukungu hauji tena, na nyumba imenyamaza kupita kiasi.

Woga ulikuwa wa siku za mwanzo. Baadaye nilikuwa naamka mapema, navaa shati safi, nasimama dirishani kumngoja. Kirudishe mtamboni, mwanangu. Mara moja tu. Safari hii nitahema pamoja naye.

Wewe maliza kazi yako, usiharakishe.

Baba yako

13 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo asubuhi nimekirudisha, kwa ajili yako. Tulipopiga, kioo kiliingia giza kama kawaida yake, lakini maduara yalikuwa mawili, ubavu kwa ubavu, moja juu kidogo ya jenzake. Wewe ulimzidi Mama urefu.

Hayajafutika mpaka sasa. Bosi anasema mtambo umeharibika.

Kwa kuwa simu huitaki, nimempigia jirani. Amegonga sana. Anasema mlango umefungwa kwa ndani, na dirisha la chumbani ni jeupe lote, haoni kitu.

Kazi nimeiacha ilipo. Barua hii siipeleki posta, Baba. Nakuletea mwenyewe.

Mwanao