Mabinti Watatu Nyuma ya Jeneza: Kwa Baba Yetu, Fundi Matar Ubwa

Mwaka umeshatimia, Baba, tangu wanaume walipokutoa mlangoni na sisi tukabaki ndani. Nnaandika mimi Mwatum, kitindamimba wako, kwa niaba ya nyumba nzima. Salhiya akishika kalamu analia. Nassra ndo kabisa, mwaka huu wote hakutaka hata jina lako litajwe mbele yake. Hilo ntakuja kukwambia.

Ulikuwa fundi bomba, na Mji Mkongwe wote ulikujua kwa ile ngazi yako begani. Maji ya mji yakija jioni, wewe uko juu ya paa la mtu unangoja tangi lijae. Ukimtengenezea bomba mjane, ulikuwa huchukui kitu. "Nipe chai yako, Bi mkubwa, ishatosha." Mama akisema mwilini mwako mna chai kuliko damu.

Nilipoacha chuo kikuu katikati, watu walikuja nyumbani mmoja mmoja kunipa nasaha, utadhani tumefiwa. Wewe ulinitizama tu ukasema, "Haya, njoo unishikie ngazi." Hukuniuliza tena, hata siku moja.

Na nilivyokuwa nikikuchezea! Nilikuwa nikikupigia simu kwa sauti ya bibi kizee: "Fundi, njoo upesi, bomba limepasuka, papa kaingia chumbani!" Na wewe bila kucheka: "Mfungie mlango huyo papa, Bibi. Nnakuja na nazi." Simu yako tunayo bado. Nimeipiga mara nyingi mwaka huu. Iko kabatini, imezimwa, na mimi najua kama imezimwa.

Lakini tunachokukumbukia zaidi ni zile nyota. Masika yakikatika, baada ya Isha, ulikuwa ukituita juu ya paa letu, unatugeuza tutizame kibla, ndiyo kaskazini yetu sisi wa Unguja. "Hizo hapo, saba. Nne zimekaa pembe nne, tatu zinafuata."

Mama alisema huo ni upawa, umepinduliwa, ndo maana masika maji yanamwagika vile. Jirani yetu Bwana Laxmidas, paa lake limepakana na letu, alikuwa akidakia kutoka upande wake: "Upawa gani, Bi Mwanakheir? Hao ni marishi saba, wazee wetu wa hekima." Kisha akituonyesha ile nyota ya katikati katika zile tatu, na kijinyota kilichoigandamia ubavuni. Hao, alisema, ni mume na mke, na kwao Wahindu bibi harusi huonyeshwa siku ya ndoa ili naye agande hivyohivyo.

"Wazee saba wa hekima," ukamwambia, "na hamna hata mmoja anayejua kufunga bomba?"

"Ndo maana tunakuita wewe, Matar."

Siku nyingine alipanda Mjerumani mmoja, mgeni wa nyumba ya wageni ya jirani, akasema kwao ni dubu. Ukamuuliza, dubu ana mkia mrefu vile? Akafikiri, akasema hana. "Basi huyo kaazima wa kima," ukasema, ukacheka mpaka tangi likafurika.

Wewe ulikuwa na lako, ulilofundishwa madrasa huko Matemwe ulikozaliwa. Ulisema Waarabu wanaziita Banati Naashi, mabinti wa jeneza. Zile nne ni jeneza, kalazwa baba yao. Zile tatu ni binti zake, wako nyuma wanamfuata. "Kila siku wanamsindikiza," ulisema, "wala hawachoki." Ukatugawia kwa kidole. Nassra wa mbele, Salhiya wa katikati, Mwatum wa nyuma. "Huyu wa nyuma kachelewa, kasimama kumfanyia mtu mzaha." Tukacheka. Tulikuwa watoto, jeneza kwetu lilikuwa nyota tu.

Ulipougua, Nassra ndiye aliyekuwa mikono yako. Yeye alikulisha uji, yeye alikugeuza, yeye alitandika mkeka chini kando ya kitanda chako akalala hapo ili ukiguna tu awe keshaamka. Ukiita, "Nassra," anaitika "Naam, Baba" kabla hujamaliza jina. Na wewe ukifumbua macho, ulimtafuta yeye kwanza. Hatukuona wivu, Baba. Ilikuwa haki yake.

Siku ile jeneza lako lilibebwa kwa mikono uchochoroni, maana gari haiingii, mpaka Darajani ulikopakiwa uende ukazikwe kwenu Matemwe. Sisi wanawake tukabaki ndani, kama ilivyo ada yetu. Tulisikia "La ilaha illa llah" zikienda zikififia. Mara Nassra akatoka. Hana viatu, buibui limemwanguka begani, anakufuata. Ami Silima, nduguyo, akageuka, akamwahi kwenye kona akamshika mkono.

"Nassra, mwanangu, rudi ndani. Watu wanatizama."

"Nnamsindikiza Baba tu, Ami. Mpaka garini."

"Rudi, mama. Hii si kazi yako."

Akarudi. Toka hapo hakupanda paani, hakukutaja, wala hakusema na Ami Silima. Sikukuu zimekuja, Ami anapiga hodi, Nassra anaingia jikoni anafunga mlango. Ami anakula haluwa yake, anaondoka. Mama akitwambia, "Mume nshampoteza. Na mtoto nnampoteza humuhumu ndani." Basi kila tulipokuombea dua wewe, tulimuombea na yeye, arudi kuwa Nassra wetu.

Juzi tulikusomea hitma. Wageni wakatawanyika, Ami Silima akabaki barazani kajiinamia. Mvua ilikuwa imekatika. Mama akapanda paani peke yake, na goti lake bovu lile, kisha tukamsikia akiita kutoka juu.

"Nassra!"

"Naam, Mama."

"Njoo unishike, ntaanguka!"

Hakuwa anaanguka, Baba. Na watu wanasema mwenye hila nyumba hii ni mimi.

Nassra akapanda mbio. Sisi nyuma yake, na Ami nyuma yetu, akasimama mlangoni pa ngazi. Mama akamshika Nassra kidevu akamgeuza kibla. Zilikuwepo zote saba, zishaanza kuinamia magharibi, jeneza mbele. Nassra akazitizama moja moja, mpaka ile ya nyuma. Kisha akasema, polepole:

"Wale hawana ami wa kuwarudisha."

Ami akashuka. Tukadhani kakasirika kaondoka. Tulimkuta kwenye vidato vya chini, kofia mkononi, anajifuta macho.

"Nilikushika," alimwambia Nassra, "kwa sababu ningekuona wewe unalia pale garini, na mimi ningelia mbele ya watu. Niliogopa mimi. Si wewe uliyekosea."

Nassra hakusema kama kamsamehe. Alisema, "Nnataka kwenda."

"Ntakupeleka."

Jana asubuhi tulikwenda Matemwe. Tulishuka barabarani tukaenda kwa miguu, Ami na Mama mbele, sisi watatu nyuma, njia ileile waliyokupitisha. Watu waliokuwa vibarazani walitutizama. Ami aliwatolea salamu kwa sauti kubwa, mmoja mmoja, mpaka wakaitikia. Tulipofika makaburini tukasimama nje ya ukuta, hatukuingia, ndiyo ada yetu wanawake. Nassra akaweka mkono juu ya mawe ya ukuta. Akakutaja.

"Assalamu alaykum, Baba. Mimi Nassra. Nilikuwa nakuja. Nilishikwa."

Akalia, Baba. Kilio cha mwaka mzima. Mama hakumwambia nyamaza, na sisi hatukumwambia.

Tunakukumbuka: mkeo Bi Mwanakheir, binti zako Nassra, Salhiya na Mwatum, nduguyo Silima Ubwa, jirani yako Bwana Laxmidas, na jamaa zako wote wa Matemwe na mjini. Mwenyezi Mungu akurehemu. Hatutakusahau, Baba, maisha yetu yote.