Sauti Iliyokauka kwa Mbio za Baiskeli

Temeke, Jumapili jioni

Sauti sina kabisa, na aliyeshinda ni mume wangu.

Abdu kafika wa kwanza, tena kawaacha wenzake mbali, na baiskeli mpya ya kiwandani. Watu wakampigia makofi mawili matatu, basi. Macho yote yalikuwa barabarani, yanamngoja Mzee Saidi muuza samaki.

Alikuja wa mwisho, tenga lake tupu limefungwa nyuma kama siku zote. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mzima na koti lake, akakimbia pembeni yake akipiga kelele, "Kanyaga, ndugu! Kanyaga!" Mie nyuma yao, kanga mkononi.

Kwa nini yeye? Nadhani Abdu hakutuhitaji. Yule mzee, tukinyamaza tu, baiskeli inayumba. Tukipiga kelele, inakwenda. Kila mmoja wetu alijiona ni yeye mwenyewe anayeisukuma.

Sasa Abdu yuko jikoni ananichemshia tangawizi. Uso wote unacheka.

"Pole, mke wangu," kasema. "Umenishangilia mpaka sauti imekauka!"

Nimeitikia kwa kichwa. Alhamdulillahi, siwezi kusema.