Dume la Tangi la Sebuleni

Jumanne, Lewisville

Yule samaki dume nilimshuku tangu mwanzo. Jike alipotaga tu, dume alimfukuza hadi kwenye kona ya tangi, kisha akasimama mlangoni pa kiota akipepea mapezi, eti mlinzi. Kasamaki ka miiba mitatu mgongoni, na roho mbaya hivyo!

Kwetu mama akijifungua, wanaume hukaa nje. Basi asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nilimvua dume nikamtia kwenye ndoo, nikamwachia mama mayai yake.

Niliporudi, nilimkuta mume wangu amepiga magoti mbele ya tangi, Neema wetu begani.

"Mama Neema, ni wewe umemtoa dume? Huyo ndiye hulea. Jike amekula mayai yote."

Tangu apoteze kazi, yeye ndiye anayeshinda na mtoto, nami kila nikirudi humkagua Neema: nepi, shingo, mpaka chupa ya maziwa. Natafuta kosa.

Leo pia nilimkagua. Alikuwa safi, ameshiba, na hata hilo likanitia shaka.

Nilipombeba, alilia akimnyooshea baba yake mikono.