Hasira Zangu na Tezi ya Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Nina uvimbe! Mdogo kama harage, juu ya figo, kwenye tezi iliyoishi kwangu miaka yote hii bila hata kubisha hodi. Daktari anasema ndio unaopandisha presha yangu. Na watu walivyonisumbua! Eti ni makala zangu, eti niache kugombana na kila mwenye cheo. Nimetoka pale natembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Mume wangu ameuliza kama tezi hiyo ndiyo iliyomtukana fundi bomba. Nimesema inawezekana kabisa.

Jumanne, 4 Machi

Makala ya Ijumaa imetoka kwa pumzi moja. Hoja: hasira ni homoni, homoni ni jeni, na jeni halishtakiwi. Wanaolalamikia ukali wangu wakaishtaki seli. Mhariri amecheka mpaka akakohoa.

Jumatano, 5 Machi

Nimemsomea binti wa kaka yangu kwenye simu. Anafanya kazi maabara, anakuza seli za tezi hizihizi. Akasema:

"Shangazi, nyumba ni hiyo, ila umekosea chumba."

Adrenalini, ile ya moyo kwenda mbio, hutoka katikati ya tezi. Uvimbe wangu uko kwenye ganda la nje, na homoni ya pale, aldosteroni, kazi yake ni chumvi. Chumvi! Inaziamuru figo ziishike, maji yanafuata, presha inapanda. Hasira wala haizijui.

Nimemwambia mhariri aitoe makala. Amesema ameshaipanga. Basi aipangue.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda maabara, kubishana ana kwa ana. Kabati lenye joto la mwili, visahani vya plastiki, na chini ya hadubini seli zimebanana kama kokoto. Binti anaziita watoto wake.

Jeni linalokamilisha homoni hii, anasema, kwa kawaida limesinzia. Chumvi ikipungua mwilini, figo huanzisha ujumbe kwenye damu. Ujumbe ukiigusa seli, kalsiamu inaingia, jeni linaamshwa, homoni inatengenezwa. Chumvi ikitosha, jeni linalala tena. Nimeuliza mkubwa wao ni nani, swali ninaloiuliza kila idara. Hakuna mkubwa, kasema, wanaamshana tu. Nimeipenda serikali hiyo.

Ila katika uvimbe kama wangu, mara nyingi kuna kosa dogo kwenye jeni jingine, lile la mlango wa seli. Mlango unavuja, kalsiamu inajiingilia, na jeni halipewi nafasi ya kulala.

"Seli inadhani imeitwa, shangazi. Kumbe hakuna aliyeita."

Ndivyo wanavyonisema wahariri.

Halafu akaomba nikifanyiwa upasuaji apewe kipande cha uvimbe, alitafute hilo kosa. Anaomba kama anayeomba kuonja mboga!

Jumanne, 18 Machi

Wamepitisha mrija mwembamba kinenani hadi juu, wakachota damu ya kila tezi. Kama zote mbili zimezidisha, ni vidonge maisha yote. Kama ni moja, inatolewa. Nimelazwa chali kutwa, nimekatazwa kukunja mguu. Nimewagombeza wote kwa mdomo.

Alhamisi, 27 Machi

Ni ya kushoto. Ya kulia imetulia tuli. Mpaka siku ya kupasuliwa, vidonge vya kuizuia homoni.

Jumapili, 6 Aprili

Presha imeshuka. Wote wanafurahi, isipokuwa mimi. Tangu nianze vidonge sijaandika hata mstari. Magazeti nasoma kama mtu anayesoma bei za saruji.

Nimempigia binti. Itakuwaje kama ile chumvi ndiyo iliyokuwa ikiniandikia? Hakuna ushahidi, kasema. Wengi waliotolewa tezi husema wanalala vizuri. Kulala vizuri — huo ndio ugonjwa ninaouogopa! Nikamwambia mume wangu huenda nisikubali kukatwa. Aliweka kikombe chini.

"Afadhali mke aliyepoa yuko mezani, kuliko mkali yuko ukutani kwenye picha."

Nikaenda kumwongezea chai bila kuombwa. Mimi!

Jumatatu, 14 Aprili

Wodini. Fomu iko mapajani, sijaweka sahihi. Daktari wa upasuaji kapita mara mbili, anaitazama kalamu, si mimi.

Mgonjwa wa kitanda cha pili kaniazima gazeti lake. Diwani mmoja ameandika kwamba maktaba ya umma ifungwe, kwa kuwa watu hawasomi. Yaani mtu ana njaa, wewe unavunja jiko! Nikafika aya ya tatu masikio yanawaka. Nesi akaja na mashine, akanifunga mkono, akasubiri.

"Presha nzuri sana, mama. Umetulia."

Nikamwambia apime tena. Akapima. Nzuri vilevile.

Vidonge vimeziba figo masikio, homoni inapiga kelele bure — na mimi nachemka! Basi hasira ni zangu. Zote, mpaka za fundi bomba.

Nimetia sahihi. Na binti apewe uvimbe wote, si kipande.

Kitanda cha magurudumu kiko mlangoni. Mume wangu anauliza naandika nini tena, watu wanangoja. Nimeomba aya moja tu. Diwani anasema vitabu vile vinakusanya vumbi. Mheshimiwa, vumbi hukaa mahali ambapo wewe hujawahi —