Kwa Baba, Fundi Cherehani Uliyehesabu Pumzi

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumamosi ile ulipovua viatu, ukajilaza kwenye kochi la sebuleni na kusema, "Niamsheni saa kumi." Saa kumi tukaja kukuamsha. Wewe uliyekuwa unahesabu pumzi za mbwa na paka wa watu, siku hiyo za kwako hazikuwa na wa kuzihesabu.

Dada alitaka tangazo lenye picha yako na maneno manne ya heshima. Shangazi akasema, "Maneno manne kwa kaka yangu? Yule hata chai alikuwa hawezi kuagiza kwa maneno manne." Basi nimeachiwa mimi, kitinda mimba wako, uliyenipachika jina la Nusu Daktari siku niliporudi na begi langu kabla chuo hakijaisha. Nitajitahidi kukaa vizuri.

Watu wanamsifu Mama, daktari wa mifugo, na wana haki, mwenye kisu ni yeye. Ila alipostaafu na kutangaza kwamba atawafunga kizazi mbwa na paka wa mtaa kwa bei ambayo mtaa unaiweza, hakuwa na chumba wala meza. Wewe ukasafisha meza yako ya kukatia vitambaa, ukasukuma cherehani ukutani, ukafunga duka kwa wateja wa nguo kila Jumamosi. Bwana harusi mmoja akaja juu kwamba suti yake imechelewa. Ukamwambia, "Kaka, wewe hata ukioa Jumapili bado utakuwa mmoja. Huyu paka nikimchelewesha watakuwa sita."

Na mbwa ulikuwa unawaogopa! Hilo wateja hawakulijua. Uliumwa pajani ukiwa mdogo, na mpaka uzeeni ulikuwa unavuka barabara ukiona mbwa amelala upande wako. Siku ya kwanza Mama alikuweka kwenye kichwa cha meza, akakwambia shika ubavu, niambie anapumua au hapumui, basi. Ukashika kwa vidole viwili kama mtu anayeonja joto la pasi. Ukaanza kuhesabu kwa sauti ili usikimbie. "Moja, ipo. Mbili, ipo." Hukuacha kwa miaka tisa. Mama akazoea kufanya kazi kwa sauti yako. Ukinyamaza, mkono wake unasimama.

Tunakumbuka zile fulana pia. Kila mgonjwa ulimpima kwa tepu, kifua na kiuno, ukamshonea fulana ya vipande vilivyobaki ili asilambe mshono. Mtaa mzima mbwa walikuwa wanatembea wamevaa mapazia ya watu. Mwalimu jirani yetu alimtambua paka wake kwa kitambaa cha gauni lake mwenyewe, akasimama mlangoni, hajui akushukuru au akudai.

Kibao cha mlangoni uliandika kwa mkono wako: "Mbwa na paka, tunafunga kizazi, kila Jumamosi." Mimi nikaongeza kwa chaki, chini yake: "Na waume wakaidi." Walikuja akina mama wawili kuulizia, na hawakuwa wanacheka. Ulinifukuza na tepu mpaka kona ya barabara, kisha ukarudi peke yako unajichekea. Nilikuona.

Ila kuna utani mmoja hukuupenda. Nilikurekodi ukihesabu operesheni nzima, nikakata kipande kikawa mlio wa simu yangu. Tukiwa kwenye kikao cha ukoo simu ikaita: "Kumi na nne, ipo. Kumi na tano, ipo." Ukoo mzima ukaangua kicheko. Wewe hukucheka. Ulinivuta pembeni ukasema, "Mwanangu, hiyo siyo ya kuchezea. Hapo kuna mtu alikuwa anapumua." Ulimaanisha paka. Nikabadilisha mlio, ila rekodi sikuifuta.

Tangu uondoke, nyumba hii imekuwa ya waoga. Hakuna anayelala mchana. Nikifumba macho dakika tano tu, nashtuka mkono wa Mama uko puani kwangu. "Uko?" anauliza. Niko, Mama. Siku moja nilijifanya sipumui, nikidhani atacheka. Sitarudia tena maisha yangu yote, na nisingeliandika hapa kama wewe usingelijua tayari. Operesheni aliacha kabisa. Watu walikuja na vikapu vya paka, akawaambia wasubiri kidogo. Ukweli ni kwamba hakuweza tena kukilaza kiumbe chochote, akiogopa kwamba hakitaamka.

Jumamosi iliyopita akaja fundi viatu, yule wa pale kona, na mbwa wake Meneja. Unamkumbuka Meneja, jike lile la kahawia linalokagua kila mtu anayepita. Amezaa mara tatu, na watoto wa mwisho wamewauma kuku wa watu. Fundi viatu akavua kofia.

"Daktari, shemeji yangu, majirani wamesema akizaa tena wanaweka sumu. Na siku zake za kutafuta dume zinakaribia."

"Mpeleke mjini," Mama akasema.

"Bei ya mjini naijua. Ndiyo maana niko kwako."

Mama akatazama mikono yake. Ilikuwa inatetemeka, Baba, mikono ile ile iliyokuwa inatunga sindano gizani umeme ukikatika. Akamtazama Meneja. Halafu akanigeukia. "Unayo bado ile sauti ya baba yako?"

Nikasema ninayo. Akasema, "Iweke."

Tukasafisha meza yako. Nikaweka simu juu ya cherehani. Meneja akapigwa sindano, akalegea, mimi nikasimama pale ulipokuwa unasimama, kiganja ubavuni. Ukaanza. "Moja, ipo. Mbili, ipo." Mikono ya Mama ikatulia. Kweli, ikatulia kabisa. Alikata kama zamani, mabega chini, kichwa kimeinama upande wa sauti yako.

Ukafika ishirini na mbili. "Ishirini na mbili, ipo."

Chini ya kiganja changu haikuwepo.

Nikangoja. "Ishirini na tatu, ipo," ukasema. Haikuwepo. Wewe ulikuwa unamhesabu paka wa miaka mitatu iliyopita, Baba, na Mama alikuwa anakusikiliza wewe.

Sababu ya mimi kuacha chuo uliijua peke yako. Nyumbani nilisema masomo yananichosha. Wewe nilikwambia: mwaka wa tatu, kwenye mazoezi, nilipewa kazi ya kutazama kifua cha mbwa. Niliona kimetulia. Nikadhani macho yananidanganya, nikaona aibu kumkatiza mhadhiri mbele ya wenzangu. Nilipofungua mdomo, tulikuwa tumechelewa. Hukunisema. Ulinipa tepu ukasema, "Njoo unishikie upande huu."

Sasa nilikuwa nimesimama vile vile. Labda nakosea. Labda kiganja changu ndicho kilichokufa ganzi. "Ishirini na nne," ukasema, na sauti yako ilikuwa na uhakika kunizidi. Kukunyamazisha wewe, Baba. Ungejua nilivyoogopa.

Nikanyoosha mkono nikaizima simu.

Duka likawa kimya. Mkono wa Mama ukasimama hapo hapo.

"Haipo," nikasema.

Mama hakuuliza kama nina uhakika. "Nyoosha shingo. Vuta ulimi. Mpe hewa."

Nikachukua ule mfuko wa kupulizia, nikaubana. Kifua kikapanda, kikashuka, kikakaa. Nikabana tena. Mlangoni fundi viatu alikuwa anauliza, "Mbona amenyamaza? Mbona mzee amenyamaza?" Shangazi, aliyekuwa naye pale mlangoni, akamwambia, "Nyamaza na wewe." Nikabana mara ya tano, ya sita, siku zote nilizokimbia zimepanga foleni mgongoni kwangu. Mara ya tisa kabla sijabana, kikapanda chenyewe.

"Moja," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mlango mbovu.

"Moja nini?" Mama akauliza, macho yakiwa kwenye kidonda.

"Moja, ipo."

"Basi usininyamazie tena."

Nilihesabu mpaka mia tatu na kumi na mbili, Baba. Mikono ya Mama ilitetemeka kidogo mpaka mshono wa mwisho, na ilifanya kazi hivyo hivyo. Meneja aliamka, akatutazama kama tumechelewa kazini, akatapika kwenye viatu vyangu. Fundi viatu akasema atanisafishia bure. Fulana nilimshonea mimi. Mkono mmoja ni mrefu na kiuno kimekaa shingoni. Ungeifumua yote.

Baada ya chakula Mama akaingia sebuleni. Akavua viatu. Akajilaza kwenye kochi lako, ambalo mwaka mzima hakuna aliyelikalia, akavuta khanga mpaka kidevuni.

"Niamsheni saa kumi," akasema.

Dada akanitazama, mimi nikamtazama Shangazi. Mama akalala kweli. Mimi nikaketi sakafuni, nikaweka kiganja karibu na bega lake bila kumgusa, nikahesabu kwa sauti ya chini mpaka saa kumi kamili. Bado tunaogopa, Baba, tusikudanganye. Ila kibao kimerudi mlangoni, na Jumamosi hii tuna paka watatu.

Unakumbukwa na mke wako, daktari. Dada yako, aliyekataa maneno manne. Binti yako mkubwa na mume wake. Wajukuu wako wawili, wanaogombania tepu yako. Fundi viatu wa kona. Meneja, ambaye bado amevaa fulana. Na mimi, Nusu Daktari wako.

Hutatutoka moyoni siku zote tutakazovuta pumzi. Na tunazihesabu.